Mshairi Kwanza: Robert Hayden na Tatizo la Kupachikwa Jina

Utangulizi

Ndugu msomaji, makala haya yametokana na aibu, afadhali niseme mapema. Katika semina moja ya ushairi tulikuwa tunajadili ile mada yetu ya siku zote, mwandishi na jamii yake. Mwenzetu mmoja akamtaja Robert Hayden, mshairi Mmarekani Mweusi ambaye mwaka 1966 alisimama mbele ya wanafunzi weusi wa chuo cha weusi na kukataa kuitwa "mshairi mweusi". Alitaka aitwe mshairi, basi, ambaye kwa kuzaliwa ni mweusi. Mimi nikadaka hoja hiyo kama mpira wa kona. Nikasema mtu wa namna hiyo, tena katika miaka ambayo ndugu zake walikuwa wanang'atwa na mbwa wa polisi kwa kudai haki, hana jina jingine ila kibaraka. Wenzangu wakapiga meza kushangilia. Mhadhiri akasubiri kelele ziishe, halafu akaniuliza kwa upole, "Ndugu, umesoma mashairi yake mangapi?"

Nilikuwa sijasoma hata moja.

Tangu siku hiyo nimemsoma Hayden kwa muda mrefu kuliko mshairi mwingine yeyote wa nje. Makala haya yanakusudia kumtazama kama mshairi na kama mwalimu, kisha kurudi kwenye ule mgogoro wa 1966 na kuuliza nani alikuwa na haki. Natanguliza kusema kwamba sikuishia pale nilipotarajia kuishia, wala sikubaliani naye katika kila jambo.

Maisha yake na suala la jina

Hayden alizaliwa Detroit, katika jimbo la Michigan, tarehe 4 Agosti 1913. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Asa Bundy Sheffey. Wazazi hao walikuwa wametengana, na mtoto akachukuliwa na majirani, William na Sue Ellen Hayden, ambao ndio waliomlea na kumpa jina tunalomjua nalo. Mtaa waliokaa uliitwa Paradise Valley, yaani Bonde la Peponi, ingawa pepo yenyewe ilikuwa ya watu maskini. Baba mlezi alikuwa kibarua. Mtoto alikuwa na macho mabovu sana, michezo ya wenzake hakuiweza, akaishia kwenye vitabu.

Akiwa na umri wa miaka 40, ndipo Hayden alipogundua kwamba wale wazee hawakuwahi kumwasili kisheria. Jina alilolitumia shuleni, kazini, na juu ya jalada la kitabu chake cha kwanza, kwa sheria halikuwa lake! Hebu tafakari jambo hilo. Huyu ndiye mtu ambaye baadaye tutamlaumu kwa kuwa mwangalifu kupita kiasi juu ya majina ambayo watu wanampachika mwenzao. Sisemi kwamba maisha ya mwandishi ndiyo ufunguo wa kila shairi lake, maana huo ni uhakiki wa kivivu. Nasema tu kwamba kwake yeye suala la "wewe ni nani" halikuwa la semina.

Alisoma chuo kilekile cha mjini kwao, kisha kuanzia 1936 akafanya kazi katika mradi wa serikali wa kuwaajiri waandishi wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi. Huko alikusanya habari za historia ya watu weusi. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi kilitoka 1940, na mwaka huohuo akamwoa Erma Morris. Kisha akaingia Chuo Kikuu cha Michigan, akasomeshwa na mshairi Mwingereza W. H. Auden, akapata shahada ya uzamili mwaka 1944. Baadaye Hayden mwenyewe alikihesabu kitabu kile cha 1940 kuwa ni cha mwanagenzi. Mashairi yake yalikuwa ya kupiga mbiu, yenye hasira ya haki lakini ya kuazima sauti za watu. Hili nalitilia mkazo kwa sababu watu husema Hayden hakuyajua mashairi ya mapambano. Aliyajua sana. Alianzia huko, akayaona mapungufu yake, akaenda mbele.

Jambo jingine: mwaka 1943 yeye na mkewe walijiunga na dini ya Kibahai, ambayo inafundisha umoja wa wanadamu wote. Mtu asiyelijua hili atadhani msimamo wake wa 1966 ulikuwa woga au kujipendekeza kwa wazungu. Ulikuwa imani ya miaka zaidi ya 20.

Mwalimu wa Fisk

Mwaka 1946 Hayden alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Fisk, mjini Nashville, jimbo la Tennessee. Fisk ni chuo cha kihistoria cha watu weusi, na Tennessee ya wakati huo ilikuwa nchi ya ubaguzi wa wazi, wa mabasi, wa migahawa na wa majumba ya sinema. Alikaa hapo miaka 23. Aliondoka 1969, akarudi Michigan kufundisha hadi alipofariki tarehe 25 Februari 1980.

Tukisoma maisha ya washairi huwa tunapenda kuruka miaka ya namna hii. Tunataka vita, jela, uhamishoni. Lakini miaka 23 ya kusahihisha insha nayo ni maisha. Hayden alikuwa na mzigo mzito wa vipindi, na mashairi aliyaandika kwa masaa ya kuibia. Ndiyo maana vitabu vyake ni vichache na vingi ni vyembamba. Sisi tunaowalalamikia wahadhiri wetu kwamba hawaandiki, hebu tuhesabu kwanza karatasi tunazowarundikia mezani.

Alifundisha nini? Kwa jinsi ninavyoyasoma maandishi yake ya nathari, yaliyokusanywa na kuchapishwa mwaka 1984, alifundisha kwamba hisia peke yake si shairi. Hasira haitoshi, huzuni haitoshi, hata haki haitoshi. Ni lazima neno lichaguliwe, lipimwe, likataliwe, litafutwe jingine. Yeye mwenyewe aliishi hivyo. Shairi lake refu juu ya biashara ya watumwa alilitafiti mwanzoni mwa miaka ya 40 katika maktaba ya Schomburg huko New York, likachapishwa mara ya kwanza 1945 katika jarida la Phylon, na bado akaendelea kulifumua na kulisuka upya hadi toleo la 1962. Miaka 17 kwa shairi moja! Sisi tukiandika beti sita usiku, asubuhi tunazibandika ubaoni.

Mgogoro wa 1966

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Aprili 1966 ulikuwa mwezi wa ajabu katika maisha ya Hayden. Huko Dakar, Senegal, kwenye tamasha la kwanza la dunia la sanaa za watu weusi, kitabu chake A Ballad of Remembrance kilipata tuzo kuu ya ushairi. Mwezi huohuo, kwenye chuo chake mwenyewe, mkutano wa waandishi weusi ulimgeuzia kibao. Vijana walikuwa wamewaka moto. Malcolm X alikuwa ameuawa mwaka uliotangulia, na hoja ya siku ilikuwa kwamba sanaa ya mtu mweusi ni silaha ya ukombozi wa mtu mweusi, na asiyekubali hivyo yuko upande wa adui. Hayden akasema hapana: yeye ni mshairi kwanza, na ushairi una vipimo vyake. Mshairi mkongwe Melvin Tolson akasimama kumpinga mbele ya watu, akajitangaza mwenyewe kuwa mshairi mweusi. Ukumbi, kama ilivyokuwa semina yetu, ulikuwa upande wa kelele.

Hapa pana kichekesho ambacho wengi hawakioni. Tolson aliyeshangiliwa na vijana ni mmoja wa washairi wagumu kuliko wote Marekani. Utenzi wake wa 1953 kwa ajili ya Jamhuri ya Liberia umejaa lugha za kigeni, madokezo ya vitabu vya kale na maelezo marefu mwishoni, hata profesa anahitaji kamusi tano mezani. Hayden aliyezomewa ndiye mtu wa kawaida anayeweza kumsoma. Kwa hiyo lile jina la "mshairi mweusi" halikuwaambia vijana lolote juu ya mashairi yenyewe. Liliwaambia tu nani wa kumshangilia.

Tena Hayden hakuwa peke yake. Christopher Okigbo wa Nigeria, ambaye hakuna mtu aliyeweza kumwita kibaraka, maana mwaka uliofuata alikufa vitani, alikataa tuzo ya tamasha lilelile la Dakar. Hoja yake ilikuwa kwamba maandishi ni mazuri au ni mabaya, na kipimo hicho hakina rangi ya ngozi.

Fani na maudhui: mashairi yanasema nini?

Tuyaache maneno ya mikutano, twende kwenye mashairi. Nitatazama machache tu.

La kwanza ni lile la watumwa, Middle Passage, jina la ile safari ya bahari kutoka Afrika hadi Amerika. Mtu ungetarajia mshairi mweusi ampe mtumwa sauti, alie, alaani. Hayden amefanya kinyume chake. Katika sehemu kubwa ya shairi wanaosema ni wenye meli. Tunasikia kumbukumbu za nahodha, sala za mabaharia, ushahidi wa mahakamani, masimulizi ya mfanyabiashara mzee anayejivunia alivyowahonga wafalme wa pwani. Hata majina ya meli yamepangwa yakiwa na maana za rehema na matumaini, na mshairi haongezi neno. Wauaji wanajishitaki kwa vinywa vyao wenyewe.

Ufundi huu unafikia kilele katika sehemu ya mwisho, juu ya meli ya Amistad. Tunajua kihistoria kwamba mwaka 1839 Waafrika waliokuwa wanasafirishwa ndani ya meli hiyo karibu na Cuba, wengi wao Wamende kutoka nchi inayoitwa leo Sierra Leone, waliasi wakiongozwa na Cinqué, wakakamatwa Marekani, na mwaka 1841 Mahakama Kuu ikawaachia huru. Katika shairi habari hizo zinasimuliwa na Mhispania aliyenusurika. Anamchukia Cinqué, anamtukana, anawashangaa Wamarekani wanaomtetea huku wao wenyewe wanamiliki watumwa. Na kadiri anavyomtukana ndivyo Cinqué anavyozidi kukua machoni petu, mpaka shujaa anasimama mzimamzima kutoka katika kinywa cha adui yake. Naomba anayesema huyu ni mtu aliyewakimbia watu wake anionyeshe shairi lililowatumikia vizuri zaidi.

La pili ni soneti yake juu ya Frederick Douglass, yule mtumwa aliyejikomboa akawa mwandishi na msemaji mkubwa wa uhuru. Shairi zima, mistari 14 isiyo na vina, limebebwa na sentensi mbili tu. Sentensi ya kwanza inakwenda na kukwenda, inaahirisha kitenzi chake, inamnyima msomaji pumziko, kwa sababu uhuru wenyewe bado umeahirishwa. Fani hapa siyo nguo ya maudhui. Msomaji anachoka kuusubiri mwisho wa sentensi, na kuchoka huko ndiko maana yenyewe.

La tatu, Those Winter Sundays, halimtaji mtu mweusi popote. Ni mistari 14 juu ya baba anayeamka alfajiri ya Jumapili katika baridi kali, mikono imepasuka kwa kazi za wiki nzima, anawasha moto ili nyumba ipate joto, anang'arisha viatu vya mwanawe, na hakuna anayemwambia asante. Nyumba yenyewe si ya raha, ina ugomvi wake, na mtoto anaogopa. Ni baadaye sana, ukubwani, anapojiuliza alikuwa anajua nini yeye wakati ule, na swali hilo analirudia mara mbili kama mtu anayejipiga kifua. Niliposoma shairi hili mara ya kwanza nilikuwa bwenini, usiku. Nilimkumbuka mzee wangu anavyokwenda kuchota maji gizani ili sisi tusichelewe shule, na sisi tukinung'unika kwamba anatuamsha. Mimi sijawahi kuona theluji. Sikuhitaji kuiona.

Hapo ndipo nilipoielewa hoja ya Hayden. Kibarua mweusi wa Detroit ameingia katika shairi akiwa mtu kamili, na kwa sababu hiyo mwanafunzi wa mbali kabisa anaweza kumtambua. Angeandikwa kuwa mfano wa tabaka au wa rangi, ningemhurumia tu, halafu ningefunga kitabu.

Na asiyetosheka basi asome kitabu cha 1970, Words in the Mourning Time. Mna maombolezo ya Martin Luther King na ya Robert Kennedy, mna vita vya Vietnam, mna shairi juu ya Malcolm X ambalo lilikuwa limeshatoka 1967 katika mkusanyo wa kumkumbuka uliochapishwa kwao Detroit. Haya yote yaliandikwa na mtu aliyeambiwa kwamba amewakimbia watu wake! Julius Lester, aliyekuwa mwanafunzi wake pale Fisk na baadaye mwanaharakati wa miaka ya 60, alimtetea kwa maandishi. Nadhani ushahidi wa mwanafunzi ambaye ni mpiganaji una uzito wake.

Alipokosea

Lakini tusimfanye malaika. Vijana wa 1966 walikuwa na jambo. Hayden alisema ushairi una vipimo vyake. Sawa, lakini ni nani aliyekuwa ameshika mizani? Mizani hiyo inayojiita ya watu wote ndiyo iliyomwacha gizani. A Ballad of Remembrance kilichapishwa 1962 huko London, na mchapishaji mdogo, Paul Breman, nakala chache. Mkusanyiko wake uliochapishwa Marekani kwenyewe ulisubiri hadi 1966, naye ana miaka 53. Kama kipimo kingekuwa hakina rangi, je, mtu aliyeandika Middle Passage angesubiri kiasi hicho? Hapa Hayden alichanganya kile kinachotakiwa kuwa na kile kilichopo.

Pia alijipinga. Mwaka 1967 alihariri Kaleidoscope, mkusanyo wa washairi weusi watupu, na humohumo katika utangulizi akatetea kwamba washairi hao wasipimwe kwa kipimo cha pekee. Nafikiri alikuwa mkweli pande zote mbili. Alijua kwamba bila kuwakusanya hawatasomwa, na akajua kwamba wakishakusanywa watasomwa kama kundi. Hakupata njia ya kutoka hapo, na sidhani ipo iliyo rahisi.

Mwaka 1976 aliteuliwa kuwa mshauri wa ushairi wa Maktaba ya Bunge la Marekani, mtu mweusi wa kwanza kukikalia kiti hicho, akakaa hadi 1978. Bila shaka magazeti yaliandika "mshairi mweusi wa kwanza". Lile jina lilimfuata mpaka Washington.

Hitimisho

Kwetu sisi ugomvi huu si mgeni kabisa. Katika miaka ya 70 washairi wetu nao walivutana, wengine wakisema utungo usio na vina na mizani si shairi, wengine wakisema kanuni hizo ni minyororo, na mara nyingi jina la "mwanamapokeo" au "mwanamabadiliko" lilitolewa kabla ya shairi kusomwa. Wapo waliodhani kwamba kushika arudhi ni kuwa nyuma kisiasa. Lakini Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotoka 1973, ilitungwa jela kwa arudhi kamili, na mwenyewe alifungwa kwa kuihoji serikali ya Kenya. Ukianza na jina, Abdilatif utamweka upande upi?

Sipendekezi kwamba tuache kuuliza mwandishi anasimama wapi katika jamii yake. Swali hilo ni halali, na mhakiki anayeliogopa ataishia kuhesabu silabi. Ninachosema ni kwamba jibu litafutwe ndani ya kazi, mstari kwa mstari, kabla ya kupiga meza.

Baada ya ile semina nilimrudia mhadhiri ofisini kwake, nikamwambia kwamba sasa nimeyasoma. Nilitegemea atanisifu. Akaniuliza ni shairi gani lililonishinda kulielewa. Nikataja mawili. Akasogeza kiti, akaniambia, "Haya, kaa, tuanze na hilo la kwanza."